Vipimo vya kazi na uchaguzi wa gari katika usambazaji wa vifurushi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili ambao ni nadra kukaa meza moja: wanaosimamia madereva, na madereva wenyewe. Nimekaa pande zote mbili, kwanza nyuma ya usukani, baadaye mbele ya kompyuta ya kupanga safari, kwa hiyo mkiona ninaegemea upande fulani mtajua sababu. Katika majibu yote, "kituo" ni mahali popote dereva anaposimama, akashuka na kukabidhi mzigo, hata kama anakabidhi vifurushi kumi kwa mtu mmoja.

Nina magari machache. Nianze kupima nini?

Anza na saa ya mkononi. Panda gari siku nzima pamoja na dereva mmoja wa kawaida, si yule hodari kuliko wote, na umwombe afanye kazi kama siku zote. Andika muda kwa mafungu manne: kupakia ghalani, mwendo wa kwenda kwenye eneo na kurudi, mwendo wa kituo hadi kituo, na muda ambao gari limesimama. Fungu hilo la nne ndilo litakalokushangaza. Humo kuna kutafuta mzigo nyuma, kushuka, kutembea hadi mlangoni, kubisha, kungoja, kupiga skana (kusoma msimbo wa mzigo kwa kifaa), kuchukua sahihi, kurudi na kufunga mkanda upya.

Fanya hesabu ndogo. Vituo 150 ndani ya saa 8 ni dakika 480 kugawanya kwa 150, yaani dakika 3 na sekunde 12 kwa kila kituo, mwendo ukiwemo. Ukiokoa sekunde 20 kwa kila kituo, umepata sekunde 3,000, ambazo ni dakika 50. Hakuna dereva awezaye kuokoa dakika 50 kwa kukanyaga mafuta ndani ya mitaa. Akijaribu, ataziokoa siku chache, kisha atagonga kitu.

Baada ya zoezi hilo, vipimo vinne vinatosha: vituo kwa saa, asilimia ya mizigo iliyofika kwa jaribio la kwanza, mizigo iliyoharibika au kupotea, na saa za ziada. Ukizidisha hapo kabla hujaelewa hivi vinne, utakuwa unajaza majedwali tu.

Bosi wangu anaangalia vituo kwa saa peke yake. Kuna ubaya gani?

Kipimo chenyewe hakina ubaya. Ubaya unaanza kinapotumika kulinganisha watu badala ya kulinganisha siku. Dereva wa kwanza yuko kwenye nyumba zilizopangana, kila moja na mlango unaotazama barabara. Anamaliza vituo 22 kwa saa bila kutoka jasho. Wa pili yuko kwenye majengo marefu, anamngoja mlinzi, anaingia lifti, anapanda ghorofa ya saba, anakuta mlango umefungwa, anapata 11. Jedwali linasema wa pili ni mvivu. Wabadilishe maeneo kwa wiki moja uone jedwali litasema nini.

Mlinganisho wa haki ni wa njia na njia ileile. Je, njia namba 4 leo imekwenda vipi kuliko ilivyokwenda wiki sita zilizopita, kwa dereva huyuhuyu na kwa wenzake waliowahi kuipita? Hapo namba inakuwa na maana. Hata wastani uutazame kwa shaka: siku moja ya mafuriko inauvuta chini, na siku moja ya mzigo kidogo inaupandisha. Panga siku kuanzia mbaya hadi nzuri, uchukue ile ya katikati. Hiyo ndiyo siku ya kawaida ya dereva wako.

Tuhesabu vituo au vifurushi?

Vyote, lakini kwa maswali tofauti. Vifurushi vinakuletea mapato. Vituo vinakula muda. Ofisi moja inayopokea vifurushi 12 ni kituo kimoja, na dereva akiipata asubuhi anaonekana shujaa kwenye jedwali la vifurushi. Kinachonivutia mimi ni uwiano wa hivi viwili. Vifurushi kwa kituo vikipanda kutoka 1.1 hadi 1.4, gharama ya kila kifurushi inashuka bila mtu yeyote kuongeza kasi.

Kwa nini madereva wangu "wanachezea" skana?

Kwa sababu mmewafundisha.

Kuna kampuni moja niliyofanyia kazi iliyokuwa ikitoa bonasi kwa asilimia ya mizigo iliyofikishwa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mwezi wa pili tulifikia karibu asilimia mia. Mwezi wa tatu simu za malalamiko ziliongezeka. Ikifika saa kumi na mbili kasorobo, madereva walikuwa wakiegesha pembeni, wanapiga skana mizigo yote iliyobaki kuwa "imefika", halafu wanaendelea kuisambaza hadi usiku. Wengine waliandika "mteja hayupo" kwenye nyumba ambazo hawakuzifikia, maana "mteja hayupo" halikuhesabiwa kuwa kosa la dereva. Uongozi ulikasirika sana. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakipiga skana pembeni, na sikujiona mwizi. Nilijiona nimeelewa swali la mtihani.

Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart aliliona jambo la namna hii mwaka 1975 alipokuwa akizungumzia sera za fedha, na siku hizi linajulikana kwa jina lake: kipimo kikishageuzwa kuwa shabaha, hakipimi tena vizuri. Tiba yake katika kazi yetu ni kuoanisha. Kila kipimo cha kasi kiende na kipimo cha ubora ambacho dereva hawezi kukipanga mwenyewe. Vituo kwa saa viende na malalamiko. "Imefika" iende na mahali skana ilipopigwa: skana 14 zikipigwa mahali pamoja ndani ya dakika mbili, hilo si jengo la wapangaji 14, ni maegesho.

Jaribio la kwanza lina umuhimu gani? Si tutarudi kesho?

Mtarudi kesho, na kesho ina mizigo yake. Chukua vituo 150, asilimia 8 ishindikane: ni mizigo 12. Kwa dakika 3 na sekunde 12 kila mmoja, kesho dereva anaanza siku akiwa na deni la zaidi ya dakika 38, bila mapato mapya hata kidogo. Mzigo uleule umepakiwa mara mbili, umeshikwa mara nne, na uwezekano wa kuvunjika umeongezeka.

Nusu ya dawa haiko kwa dereva kabisa. Iko kwenye anwani iliyoandikwa nusunusu, namba ya simu yenye tarakimu pungufu, na mteja ambaye hakuambiwa kuwa mzigo unakuja leo. Kabla ya kumwita dereva ofisini, tenganisha sababu: anwani mbovu, mteja hayupo, mteja amekataa, muda umeisha. Ni hiyo ya mwisho peke yake inayohusu mwendo wa kazi, na hata hiyo mara nyingi huanzia kwa aliyepanga mzigo mwingi kupita siku.

Tukifunga vifaa vya kufuatilia magari, madereva watatuchukia?

Watachukia mkianza na adhabu. Kifaa kinaonyesha breki za ghafla, mwendo kasi, gari kuunguruma bure, mkanda kutofungwa, na mara ngapi limepigwa rivasi. Kama ningelazimika kubaki na kimoja, ningebaki na rivasi. Ajali ndogo nyingi za kazi hii ni za kurudi nyuma: nguzo, geti, gari la jirani, na mbaya zaidi, mtoto. Kampuni ya Marekani ya kusambaza vifurushi, UPS, huwafundisha madereva wake kupunguza kurudi nyuma kadiri iwezekanavyo, na mtu akizoea kuegesha akiwa tayari kutoka kwa mbele, ataona mwenyewe.

Breki za ghafla zisomwe kwa njia, si kwa mtu. Madereva watatu tofauti wakibana breki mahali pamoja, pale pana shimo, kona mbovu au shule.

Programu imepanga njia, dereva anapita kwingine. Nani mkweli?

Inategemea, na sisemi hivyo kukwepa. Vituo 10 tu vinaweza kupangwa kwa namna 3,628,800. Kwa vituo 150 hakuna kichwa wala kompyuta inayoweza kujaribu mipangilio yote. Programu hutafuta mpangilio mzuri wa kutosha. UPS ilijenga mfumo wake, ORION, ukasambazwa kwenye njia zake zipatazo 55,000 za Marekani, na sifa yake moja iliyoenea ni kukwepa kona zinazokatisha mbele ya magari yanayokuja. Kule ni kona za kushoto. Katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto, ni za kulia. Gari linalongoja kukatisha linachoma mafuta, linachelewa, na liko mahali pa hatari. Kuzunguka robo tatu kwa kona rahisi mara nyingi ni nafuu.

Hata hivyo programu haijui kuwa duka fulani halipokei mizigo wakati wa chakula cha mchana, au kuwa geti la nyuma hufunguliwa asubuhi tu. Dereva anajua. Kwa hiyo dereva akipita kwingine, muulize sababu na uiandike kwenye programu. Akikosa sababu, ifuatwe programu. Baada ya miezi michache mabishano hupungua, kwa sababu elimu ya dereva imeshaingia humo.

Twende kwenye magari. Niangalie nini kwanza?

Wengi huangalia tani. Mimi huhesabu mara ngapi dereva atashuka na kupanda. Vituo 150 ni kushuka mara 150 na kupanda mara 150, kila siku, kwa goti lilelile. Kama sakafu iko juu na dereva anaruka, utalipia kwa likizo za ugonjwa. Kama lazima atoke mlango wa upande wa magari, azunguke nyuma, afungue milango miwili, apande tena, aichimbue mizigo, basi zile sekunde 20 tulizozitafuta juu zimeondoka hapo, na pengine zimeondoka 40.

Orodha yangu, kwa mpangilio huu: ngazi ya chini, mlango wa kuteleza upande wa ukingo wa barabara, njia ya kupita kutoka kwenye siti hadi kwenye mzigo bila kutoka nje, kimo cha kusimama wima ndani, mwanga, kisha ujazo, kisha, mwisho kabisa, uzito. Vifurushi vya kawaida hulijaza gari kabla ya kulilemea. Ndiyo maana makampuni ya kusafirisha hutoza kwa uzito wa ujazo: kwa mizigo ya haraka ya ndege, wengi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakagawanya kwa 5,000. Boksi la mito la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kuwa kilo 19.2 hata kama mtoto analibeba kwa mkono mmoja.

Tazama magari yaliyobuniwa kwa kazi hii tangu mwanzo. Gari la posta ya Marekani lililoundwa na kampuni ya Grumman kati ya 1986 na 1994 lina usukani upande wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, ili mtu wa posta afikie sanduku la barua la pembeni mwa barabara akiwa ameketi. Magari ya kahawia ya UPS yana paa linalopitisha mwanga, hivyo ndani kunaonekana mchana bila kuwasha taa. Na gari jipya la posta ya Marekani, linaloundwa na kampuni ya Oshkosh, lilichekwa kwa sura yake: boneti fupi iliyoinama, kioo kirefu kama dirisha la sebule. Sura mbaya ile ina kazi. Dereva anaona mtoto aliye mbele ya bampa, na anasimama wima ndani.

Vani moja kubwa au mbili ndogo?

Kama vituo vyako viko mbali na ghala na vimesongamana, kubwa; safari ndefu ya kwenda unaifanya mara moja. Kama viko karibu na mitaa ni myembamba, ndogo mbili, maana gari kubwa litaegeshwa mbali na dereva atatembea. Jiulize kitu gani kinaisha kwanza katika siku: nafasi au saa? Saa zikiisha kabla ya nafasi, gari kubwa ni anasa tu. Nimeona vani zikirudi jioni na mizigo 40 ambayo haikufikishwa, na uongozi unaagiza vani kubwa zaidi.

Kwa ulinganisho wa ukubwa: Amazon ilipoagiza vani 100,000 za umeme kutoka kampuni ya magari ya Rivian mwaka 2019, zilizotokea zilikuja kwa saizi mbili, 500 na 700. Namba hizo ni futi za ujazo, yaani takriban mita za ujazo 14 na 20. Vani ndogo za kawaida hubeba mita za ujazo 3 au 4 hivi.

Pikipiki na baiskeli ya mizigo?

Kwa bahasha, dawa, vipuri vidogo na foleni kubwa, pikipiki haina mpinzani kwa muda. Ina wapinzani kwa ajali na mvua. Usiipime kwa vituo kwa saa dhidi ya vani; ipime kwa dakika tangu oda hadi mlangoni, kwa sababu hiyo ndiyo kazi uliyoinunulia. Na usiweke bonasi ya kasi juu ya pikipiki. Hapo sibishani na mtu.

Baiskeli ya mizigo yenye mota inafaa katikati ya miji yenye vituo vilivyosongamana, ilimradi kuwe na ghala dogo la karibu la kujaza tena. Katika Ulaya mota yake hukoma kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa, na nguvu yake ya kudumu haizidi wati 250. Inasikika kidogo, lakini inaegeshwa mlangoni.

Dizeli, petroli au umeme?

Kazi ya kusimama na kuondoka ndiyo inayoua injini ya mafuta. Starta inapigwa mara 150 kwa siku, betri haipati muda wa kujaa, breki zinaisha mapema. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi linalohitaji mwendo mrefu na wa kasi ili lijisafishe kwa joto. Ukilizungusha gari mitaani tu, taa ya onyo itawaka na utaijua karakana kwa jina. Kama lazima liwe la mafuta na safari ni fupifupi, petroli inasumbua kidogo kuliko dizeli.

Gari la umeme linapenda kilekile kinachoiua dizeli. Kila linapopunguza mwendo, sehemu ya nguvu inarudi kwenye betri, na breki hudumu. Linalala ghalani, kwa hiyo linachajiwa usiku bila kupoteza zamu. Lakini baridi kali na mzigo mzito hupunguza umbali wake, na betri inakula uzito ambao ungebeba vifurushi. Ndiyo sababu Uingereza huruhusu mwenye leseni ya kawaida aendeshe vani ya umeme yenye uzito wa jumla, gari na mzigo, wa hadi tani 4.25 badala ya 3.5. Kabla ya kununua, chukua njia yako ndefu kuliko zote, siku mbaya kuliko zote, uongeze theluthi moja. Gari lisipofika hapo, libaki dukani.

Rafu za ndani zina faida kweli?

Ndizo uwekezaji wa bei ndogo na faida kubwa kuliko vyote katika ukurasa huu. Dereva anayetafuta mzigo kwa sekunde 30 kila kituo anapoteza saa 1 na dakika 15 kwa vituo 150. Andika namba ya kituo kwa kalamu nene kwenye ubavu wa boksi unaotazama njia, wa mwisho kushushwa awe wa kwanza kupakiwa, vizito chini. Na muda wa kupakia uulipe. Dereva asiyelipwa dakika za kupakia atatupa mizigo ndani na kuondoka, na mimi ningefanya vivyo hivyo.

Kiyoyozi si anasa?

Hapana. Gari la chuma lisilo na hewa, linalozimwa na kufunguliwa siku nzima juani, huzimisha watu. Mkataba wa mwaka 2023 kati ya UPS na chama cha wafanyakazi cha Teamsters uliweka kiyoyozi kwenye magari mapya ya usambazaji yanayonunuliwa tangu mwanzo wa 2024. Kama unapima vituo kwa saa, linganisha namba za saa nane mchana na za saa tatu asubuhi, halafu urudi kwenye swali hili.

Mimi ni dereva. Wiki ya tatu naambiwa niko chini ya lengo. Nijiteteeje?

Usijitetee kwa maneno. Kwa siku tano, andika kila kituo kilichochukua zaidi ya dakika tano na sababu yake: lifti mbovu, anwani haipo, nimengoja stoo, mzigo ulikuwa chini ya mingine. Mpelekee msimamizi karatasi hiyo, umwombe apande gari nawe siku moja. Akikataa kupanda, mwombe mwenzako anayesifiwa apewe njia yako wiki moja. Na usiruke mapumziko ili kupatana na lengo. Ukifanya hivyo mara tatu, programu itajifunza kuwa njia yako haina mapumziko, na kesho itakuongezea vituo.

Dereva aulizwe kabla ya gari kununuliwa?

Omba gari la majaribio, lipakie mzigo wa siku nzito, umpe dereva mwenye magoti mabovu kuliko wote ghalani. Siku mbili zinatosha. Akirudi, usimuulize kama amelipenda. Mhesabie vituo, na umtazame anavyoshuka mara ya mwisho jioni.